Maziwa ya Gaju Hayakataliwi

"Anajilamba tena," alisema Mama Winifred. "Mtazameni. Atajimaliza kwa ulimi wake mwenyewe, na sisi tumemkalisha sebuleni kama mgeni wa heshima."

Paka alikuwa chini ya cherehani. Alikaa kitako kama mtu mzima, mguu mmoja wa nyuma kauelekeza juu, na ulimi wake ulipita tumboni kwa sauti ya brashi juu ya zulia, haupumziki. Jina lake Mushanana, kwa sababu ya mstari mweupe uliomkatiza begani kama vile vazi la harusi la Kinyarwanda linavyofungwa. Lakini mwezi ule wa tisa hakuwa na cha kusifiwa. Tumbo lote lilikuwa uchi na jekundu. Ndani ya mapaja manyoya yalikatika yakabaki vishina, kama ndevu za mwanamume aliyekosa wembe siku mbili.

Akimana hakuinua kichwa. Alikuwa anapitisha kitambaa chini ya sindano, mguu unakanyaga. Alikuwa fundi, na sebule hii ya mtaa wa Kagugu ndiyo ilikuwa karakana yake.

"Namwona, Mama," alisema.

"Kumwona wewe inatosha? Jana kajikuna kwenye mkeka anaochezea mtoto. Ishimwe akishikwa na upele nitamuuliza nani?"

Ishimwe, mjukuu wa miaka sita, alikuwa hapo hapo sakafuni anachora. "Bibi, mimi siwashwi."

"Nyamaza. Wewe unajua kuwashwa ni nini?"

Mama mkwe na mukazana wake, yaani mke wa mwanawe, walikuwa Wanyarwanda wote wawili, ila Mama Winifred alizaliwa Karagwe, Tanzania, na Akimana alizaliwa Buyenzi, Bujumbura. Kinyarwanda cha kila mmoja kilimchekesha mwenzake. Basi ugomvi wao wote waliufanya kwa Kiswahili, wasije wakachekana katikati wakasahau walichogombania.

"Bibi, tutege," alisema Ishimwe, ambaye alikuwa anajua kuzima moto mdogo. "Kitendawili!"

"Tega."

"Ndugu wanne wanatema mate kwenye ndoo moja."

"Chuchu za ng'ombe. Hicho nilikufundisha mimi. Tega kingine."

Akimana, bila kusimamisha mguu, alisema, "Kitendawili."

Mama Winifred alimtupia jicho la pembeni. "Tega."

"Anatafuna uzi mchana kutwa na hajawahi kumeza."

Bibi alifikiri. Alitaja mbuzi, akataja buibui, akakataa kutaja kilichokuwa mbele ya macho yake. "Nimeshindwa."

"Nipe mji, Mama."

Hapo ndipo mama mkwe alikuwa hodari. Ishimwe akimshinda, humpa Bukoba, humpa Mwanza, humpa mpaka Kampala na maduka yake. Kagugu hakumpa mtu hata siku moja. Nyumba ile ilijengwa kwa ng'ombe watatu wa marehemu mumewe, na mji alioketi ndani yake alisema hautolewi kwa michezo.

"Chukua Bujumbura," alimwambia Akimana. "Na ukifika, kaa. Usiwe na haraka ya kurudi."

Akimana alikata uzi kwa meno. "Cherehani," alisema.

Wakati huo huo Natacha aliingia kujaribu gauni lake la ubatizo wa mtoto. Alisimama mbele ya kioo, amejaa furaha, mikono imeinuliwa, pini ziko kiunoni. Halafu akainama, akauona unyoya mweupe kwenye pindo, akaufuata kwa macho mpaka chini ya cherehani.

"Akimana. Hicho kinaambukiza?"

"Hapana, dada. Ni ngozi tu, inamsumbua."

"Ngozi ndiyo inayoambukiza." Natacha alivua gauni akiwa bado na pini, likamchoma, akazidi kukasirika. Alikunja kitambaa chake nusu kimeshonwa, nusu kimeshikizwa, akakitia mkobani. "Usinielewe vibaya. Mimi nina mtoto mchanga nyumbani."

Mlango ulipofungwa, Mama Winifred aligeuka. Alimtazama tu mukazana wake, na kutazamwa vile kulikuwa kubaya kuliko kutukanwa.

* * *

Nyumba hii ilikuwa na ibada yake, na ilifanyika kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu.

Gisa, mpwa wa Mama Winifred, alikuwa motari, dereva wa pikipiki. Alitoka Kabuga alfajiri, na kabla ya kuanza kubeba abiria alipitia Kagugu na kikopo cha chuma kilichofungwa kwa kitambaa. "Shangazi, maziwa iko hapa!" Yalikuwa maziwa ya Gaju, ng'ombe pekee aliyebaki wa ukoo, anayetunzwa kwenye zizi la dada yake Mama Winifred. Gaju alizaa mwezi wa sita, na tangu siku hiyo mama huyu alitembea kama aliyeongezwa urefu.

Aliyachemsha mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kushika sufuria. Kisha alimimina kwa mpangilio: kwanza kikombe kikubwa cheupe chenye mdomo wa bluu, cha mwanawe Conrad. Pili cha Ishimwe. Tatu chake. Nne kikombe cha plastiki cha Akimana. Na kilichobaki kwenye sufuria kiliingia kwenye kisahani cha paka, kwa sababu kwa watu wa ng'ombe hakuna kiumbe cha nyumbani kinachoachwa kitazame wenzake wakinywa.

Conrad alikuwa na ofisi Kacyiru na tai shingoni. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaenda nacho barazani nyuma. "Napata hewa, Mama." Baada ya dakika chache alirudi nacho kitupu, akifuta midomo. "Mungu akuzidishie."

"Na wewe akuzidishie, mwanangu. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Alimaliza mpaka povu."

Conrad aliondoka haraka.

* * *

Siku tatu baada ya Natacha, Gisa alileta chupa ndogo pamoja na maziwa. Mama Winifred alikuwa amemwagiza dawa ya kupe ya ng'ombe.

"Baba yangu aliogesha ng'ombe mia kwa dawa hii," alisema. "Paka ni kitu gani? Vijiko viwili kwenye ndoo, anatumbukizwa, kwisha."

Akimana aliichukua ile chupa mezani, akaitia mfukoni mwa aproni yake. "Nitamuuliza daktari kwanza."

"Daktari wa paka!" Mama mkwe alipiga makofi mara moja. "Ishimwe, njoo usikie. Mama yako anampeleka paka hospitali."

Alimpeleka. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, kichwa ndani, kama anavyofungwa mtoto, akapanda pikipiki. Pale taa nyekundu za Kacyiru mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja kuvuka alimtabasamia.

"Hongera mama! Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Mungu amk..." Sikio likachomoza. Mwanamke alijifanyia ishara ya msalaba, na motari akacheka mpaka pikipiki ikayumba.

Daktari Mukunde alikuwa msichana wa miwani, mikono yake midogo lakini haitetemeki. Alimchana Mushanana kwa kichana cha meno membamba, akakung'utia takataka zake kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. "Angekuwa na viroboto, vidoadoa hivi vingegeuka vyekundu, kwa kuwa ni damu waliyokunywa. Havikugeuka." Akakwangua ngozi, akatazama kwenye darubini. "Hakuna upele pia. Manyoya hayadondoki, anayakata yeye kwa ulimi. Mmempaka nini?"

Akimana alitoa ile chupa mfukoni.

Daktari aliisoma, akaiweka mbali sana mezani. "Dada, ng'ombe hajilambi hivi. Huyu ukimpaka hii asubuhi, atajilamba, na jioni utachimba shimo. Usiirudishe nyumbani. Anakula nini?"

"Wali, dagaa. Na maziwa ya mama mkwe."

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe wa mama mkwe," alisema Akimana, na wote wawili walicheka, na kile kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki ile.

"Kaanza kunywa lini?"

"Mwezi wa sita, ng'ombe alipozaa."

"Na kujilamba?"

"Wa saba mwishoni."

Daktari alivua miwani. "Siwezi kuapa. Lakini nadhani mwili wake unayakataa. Tutajaribu hivi: wiki nane, kuku wa kuchemsha na viazi, basi. Wali hapana, dagaa hapana, maziwa hapana. Tone moja likiingia, tunaanza kuhesabu upya. Utamwambia kila mtu nyumbani?"

"Nitamwambiaje?"

"Nani, paka?"

"Paka ningemwambia leo leo," alisema Akimana.

* * *

Alisema mezani, jioni, Conrad akiwepo, kwa sababu aliona akiwepo mumewe itakuwa afadhali.

"Rudia," alisema Mama Winifred.

"Daktari anafikiri maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayomwasha."

"Ya ng'ombe gani?"

"Ya ng'ombe yeyote, Mama."

"Hapa tunakunywa ya ng'ombe yeyote? Yule ana jina. Litaje."

"Ya Gaju."

Mama Winifred aliweka kijiko chini taratibu. Kama hujaishi na watu wa ng'ombe utasema mama huyu alikuza jambo. Lakini kwake, mtu anayesema maziwa yako yanadhuru amesema mkono ulioyakamua ni mchafu, na chungu ni kichafu, na marehemu aliyekuachia yule ng'ombe hakukuachia kitu.

"Mume wangu alivuka mto Akagera na ng'ombe saba," alisema. "Viatu hakuwa navyo. Bibi yake Gaju alikuwa mmoja wa wale saba. Leo binti wa Buyenzi, aliyelelewa kwa chai ya rangi, ananiambia maziwa yale yana upele. Conrad!"

"Mama."

"Unayanywa kila siku. Yamewahi kukuwasha?"

Akimana alimtazama mumewe. Ishimwe naye alimtazama, mdomo wazi.

"Hapana, Mama," alisema Conrad.

"Yamewahi kukudhuru?"

Conrad alikuwa anachokonoa mfupa wa kuku uliokwisha nyama zamani. "Maziwa ni mazuri, Mama."

"Umesikia," Mama Winifred alimwambia mukazana wake. Akachukua simu, akampigia dada yake wa Kabuga, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. "Dada! Eti Gaju wetu anawasha!" Kicheko cha Kabuga kilijaa chumbani, kikapita juu ya sahani ya Akimana, naye akaendelea kula kwa sababu mtoto alikuwa anamwangalia.

Simu ilipokatwa, mama mkwe alisimama. "Sawa. Kuanzia kesho simpi hata tone. Naapa mbele ya mtoto huyu. Lakini wiki nane zikiisha naye bado anajilamba, utapiga magoti hapa nilipo, na utaomba radhi, si kwangu. Kwa Gaju."

* * *

Wiki ya kwanza, Mushanana alijilamba. Ya pili, alijilamba. Akimana alimshonea fulana kutoka kwenye soksi ndefu za Ishimwe, miguu minne imetobolewa, mgongoni vifungo vitatu. Paka alitembea ndani yake kinyumenyume, akagonga mlango, na hata Mama Winifred alilazimika kugeuza uso wake ukutani asionekane anacheka. Kisha paka akaanza kulamba juu ya fulana, mpaka ikalowa, ngozi ya chini ikachubuka na kutoa maji.

Wiki ya tatu na ya nne hakukuwa na jipya, ila maneno.

"Paka anakula kuku, sisi dagaa," mama mkwe alisema jikoni. "Ningejua ningezaliwa na mkia."

Na kwa wageni: "Karibuni, karibuni, kaeni mbali na kile kiti, hapo ndipo mgonjwa wa mukazana wangu anapolazwa."

Na Akimana naye hakuwa malaika. Alianza kuosha sufuria ya maziwa hata ikiwa imeshaoshwa, mbele ya mwenyewe. Alianza kulala na kisahani cha paka chini ya kitanda. Asubuhi alisimama mlangoni pa jikoni akihesabu kwa macho vikombe vinavyojazwa, kama askari, na mama mkwe aliijua ile hesabu, akamimina polepole makusudi ili aihesabu vizuri. Hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Walisalimiana kila siku. Salamu zenyewe zilikuwa baridi kuliko sakafu.

Wateja wengine wawili walifuata njia ya Natacha. Cherehani ilikuwa inalala mchana.

Ijumaa moja, mwisho wa mwezi wa kumi, Akimana alitoka nyuma kuanika nguo, akamkuta Mushanana barazani anajilamba midomo. Ndevu zake zilikuwa zimelowa, nyeupe. Akimana alizifuta kwa kidole, akakitia mdomoni. Yalikuwa maziwa. Yalikuwa bado yana joto.

Aliingia jikoni na kile kidole juu, kama ushahidi.

"Mama, uliapa!"

Mama Winifred alikuwa anasugua sufuria. Conrad alikuwa mlangoni, ameinama, anafunga kamba za viatu.

"Niliapa nini?"

"Hata tone, ulisema. Mbele ya mtoto. Wiki tano ninachemsha kuku, namshonea nguo, nachekwa na wageni wako, na wewe kila siku unamnywesha ili nije nikupigie magoti!"

Mwanamke mzee aliacha kusugua. Maji yaliendelea kumwagika bombani, hakuna aliyeyafunga. Rangi ya uso wake iliondoka.

"Umeniita mwongo," alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Nimesema nilichoonja kidoleni."

"Nina miaka sitini na tisa. Nimelala porini, nimekula mizizi, nimezika watoto wawili. Sijaitwa mwongo. Conrad, umemsikia mkeo?"

Kamba ya kiatu ilikuwa imekwisha kufungwa. Conrad aliifungua, akaifunga tena. "Nachelewa ofisini, Mama. Tutaongea jioni. Jamani, tulieni."

Akaondoka. Mlio wa geti ulisikika.

Mama Winifred alifunga bomba. "Kesho, umuganda wa kusafisha mtaa ukiisha, Gisa anakuja na gunia. Paka anakwenda Kabuga, kwenye zizi, na dada yangu anajua dawa ya kumwogesha. Usipotaka, mimi ndiye nitapanda pikipiki ya Gisa. Au wewe chukua paka wako urudi Buyenzi kwenu. Watatu hatutoshi hapa."

Akimana alikumbuka ile chupa iliyobaki mezani pa daktari, na jinsi zizi la Kabuga lisivyoweza kukosa nyingine kama ile. Jioni utachimba shimo. Alikwenda kukaa kwenye cherehani isiyo na kitambaa, akamweka paka mapajani, na Mushanana akaanza kumlamba yeye mkono.

* * *

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanaume na wanawake wa mtaa walitoka na majembe kusafisha mitaro. Conrad alikwenda. Akimana aliomba ruhusa, akabaki. Gisa alikuja mapema kuliko alivyotarajiwa, akaegesha pikipiki getini, gunia begani.

"Shangazi, paka iko wapi?"

"Ngoja. Baba Ishimwe arudi kwanza, ashuhudie, isije ikasemwa nimemwiba."

Wakakaa. Gisa mlangoni na gunia, Akimana na paka, na Ishimwe analia bila sauti, kwikwi tu. Kilio kile bibi yake hakukiweza. Mdomo wake ulikuwa mkali, moyo haukuwa hivyo.

"Acha kulia, mjukuu wangu. Njoo. Nitege kitu. Nitege kigumu."

Ishimwe alifuta kamasi kwa mkono. Alifikiri sana. Alimtazama mama yake, akamtazama paka, akatazama geti.

"Kitendawili."

"Tega."

"Anamiminiwa mwenye tai shingoni, anakunywa mwenye mkia."

"Eh! Hicho kipya. Umekitoa shuleni?" Bibi alifunga jicho moja. "Mwenye tai... mwalimu? Mwalimu ana mkia? Waziri? Mbuzi wa waziri?" Gisa alicheka. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Bukoba."

"Nimekwenda Bukoba, nimekula senene, nimerudi," alisema Ishimwe haraka, kama inavyotakiwa. "Jibu ni Baba na Mushanana."

Hakuna aliyecheka.

"Baba alisema nisiseme," mtoto aliongeza kwa woga. "Mimi sikusema, Bibi. Nimetega tu."

Geti likalia. Conrad aliingia na jembe, matope mpaka magotini, akawakuta watu wanne na paka mmoja wanamwangalia. Mushanana aliruka kutoka mapajani mwa Akimana, akamkimbilia mguuni, akainua kichwa, akangoja. Hakungoja hivyo kwa mtu mwingine yeyote nyumbani mle.

"Conrad," alisema mama yake. "Kikombe changu cha mdomo wa bluu unammiminia nani kila asubuhi?"

Angeweza kukana. Alilaza jembe chini.

"Tumbo langu linayakataa, Mama. Tangu nilipokuwa chuo. Nikinywa, siku nzima ni choo, ofisini watu wananiona. Sikuweza kukuambia. Ulikuwa unasema Baba alimaliza mpaka povu."

"Nilikuuliza. Hapa, mezani. Nilikuuliza kama yamekudhuru."

"Uliniuliza mbele ya... ilikuwa vigumu."

"Ilikuwa vigumu," alirudia Akimana. Alisimama. Sauti yake ilikuwa imetulia, na Conrad aliiogopa zaidi hivyo. "Jana nilimwita mama yako mwongo. Wewe ulikuwa unafunga viatu."

"Mke wangu, ngoja..."

"Mara mbili. Ulizifunga kamba mara mbili."

Gisa alikohoa. "Shangazi, mimi sasa gunia natia nani?"

"Mtie huyu," alisema Mama Winifred, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Hakumwomba Akimana radhi. Akimana naye hakumfuata.

* * *

Walianza kuhesabu upya, wiki nane toka mwanzo.

Ilikuwa nyumba ya kimya sasa. Conrad alipewa chai ya rangi asubuhi, na mama yake alimwekea bila kumtazama, kama anayemhudumia mgeni aliyepotea njia. Alikunywa hapo hapo mezani, mpaka majani. Kwenye kitanda chake pia hakukuwa na maongezi. Alijaribu kuleta maua. Akimana aliyatia kwenye ndoo ya kudekia.

Lakini kikombe cheupe chenye mdomo wa bluu hakikukaa kabatini. Siku ya nne Mama Winifred alikijaza, akakishika muda, kisha akakisukuma mezani mpaka kikafika mbele ya mukazana wake. Kile cha plastiki hakukitoa. Hakusema karibu. Akimana alikinywa, akakimaliza, akakiosha. Kesho yake ikawa hivyo tena.

Wiki ya tatu vishina ndani ya mapaja ya Mushanana vilirefuka. Ya tano, fulana ilivuliwa, na Ishimwe akamvalisha mwanasesere. Wiki ya saba tumbo lilikuwa na manyoya mafupi laini, ya kijivu, kama ya panya mchanga, na paka alilala chali katikati ya sebule bila aibu. Mama Winifred akidhani hakuna anayemwona, aliyapapasa kwa kidole kimoja.

Natacha alirudi siku mbili kabla ya Krismasi, gauni liko vile vile na pini zake. Akimana alilipokea. Alimwambia bei mpya, na Natacha akaikubali.

Jioni hiyo taa ziliwashwa mapema kwa sababu ya mvua. Cherehani ilikuwa inakimbia. Conrad alikuwa kwenye kiti cha pembeni na gazeti asilolisoma, Ishimwe mkekani, mama mkwe anachambua maharage.

"Kitendawili," alisema Akimana.

Toka mwezi wa kumi hakuwa amemtegea. Maharage yaliendelea kuanguka bakulini, moja, moja.

"Tega," alisema Mama Winifred.

Akimana alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nimemfunga asiyeiba, mwizi nalala naye."

Gazeti la Conrad lilitikisika, kisha likatulia. Ishimwe aliruka juu. "Najua! Bibi, najua, si ni Ba..."

Bibi alimziba mdomo kwa mkono wenye vumbi la maharage. Alimtazama mukazana wake, naye akatazamwa, na hakuna aliyeshusha macho. Jibu lilikuwa limekaa pale kwenye kiti cha pembeni, lenye masikio mekundu, na mtoto mdogo angeweza kulitaja.

"Nimeshindwa," alisema Mama Winifred.

"Nipe mji, Mama."

Mzee aliinama, akaendelea kuchambua. Alitoa kokoto, akaitupa. Akatoa nyingine.

"Chukua Kagugu," alisema.